Uwezekano Mkubwa, Athari Ndogo

Tangazo la kazi lilibandikwa kwenye mlango wa banda la mwani la Kibuyuni siku ya Jumatatu. Kufikia Jumatano, mbuzi wa Bi Mwanapili alikuwa ameshaula upande wenye mshahara na marupurupu, akabakisha upande wa masharti. Mbuzi yule alikuwa na akili kushinda watu wengi. Alijua ni upande gani unaowafikia watu wa huku.

Twaiba aliusoma huo upande uliobaki akiwa amesimama, beseni la mwani mbichi kichwani, maji ya chumvi yakimchuruzika shingoni. Shirika lililojenga banda lilikuwa lataka meneja wa mradi kwa awamu mpya, itakayoanza mwaka ujao. Awe na kidato cha nne na diploma. Hayo alikuwa nayo. Diploma yake ya maendeleo ya jamii aliipatia Msambweni kabla hajaolewa. Awe ameongoza mradi kwa miaka isiyopungua mitano. Hapo akacheka peke yake, maana mwaka ule ulikuwa wa sita tangu aanze kuubeba mradi ule mgongoni kama mtoto asiyetaka kushuka. Na mwisho kabisa, pale penye alama za meno ya mbuzi: awe na cheti cha kimataifa cha umeneja wa miradi.

Akalitua beseni. Akasoma tena. Akajiambia, cheti husomewa, na kusoma mie najua.

Tangu siku ile hakutaka kitu kingine duniani. Alitaka kazi ile, alitaka jina lile, na alitaka siku moja aingie ofisini Ukunda kwa mlango wa mbele badala ya kungoja kwenye benchi la wageni na mfuko wa sampuli za mwani mapajani.

Sasa kulikuwa na jambo moja dogo, dogo kama mwiba wa samaki. Siku ya kwanza shirika lilipokuja miaka sita nyuma, mgeni aliuliza kiongozi wa kikundi ni nani. Wanawake thelathini walikuwa wamekaa mkekani, na mbele yao amekaa Bi Mwanapili, mavyaa yake Twaiba, aliyemzaa mumewe Issa na nduguze wawili. Mkaza mwana gani wa pwani atanyanyua mkono akasema "ni mimi" na mama wa mumewe amekaa pale anatafuna tambuu? Twaiba aliandika jina la Bi Mwanapili. Bi Mwanapili akatia kidole kwenye wino, akakibandika, akajifuta kwenye leso ya jirani. Kila miezi mitatu ikawa hivyo hivyo. Twaiba huandika ripoti, Bi Mwanapili hutia kidole, na mwenye leso hulalamika. Heshima haikumgharimu mtu kitu, au ndivyo Twaiba alivyodhani.

Alisoma siku za maji mafu, zile siku bahari haishuki vya kutosha na wanawake hawaendi kwenye kamba zao. Alikaa nyuma ya banda na simu yake, akafuata masomo ya kwenye intaneti. Bamvua likirudi na maji kushuka mbali, simu hufungwa ndani ya nailoni, na msomi huingia majini mpaka kiunoni kufunga mwani kama wenzake. Ada ya mtihani ilimeza mwani wake wa miezi mingi, na Issa, ambaye kazi yake ilikuwa kupeleka samaki Ukunda kwa pikipiki, hakusema neno juu ya hilo. Alisema juu ya mengine.

"Ukishakuwa meneja," alimwuliza siku moja, "nikitaka wali nikwambie, au niandike barua?"

"Andika barua. Nitaijibu baada ya siku saba za kazi."

"Na nikitaka mengineyo?"

"Hayo yahitaji kamati."

Maswali ya mtihani yalikuwa ya namna moja. Mdau muhimu amekasirika kwa kuwa hakushirikishwa. Meneja afanye nini kwanza? Majibu manne, yote ya watu wema. Twaiba aligundua kuwa meneja wa kitabuni hakasiriki, haumwi, hana mtoto wa kunyonyesha wala mavyaa. Kila likitokea jambo, yeye hutulia, hutambua wadau, hutazama mpango wake. Akayakariri majibu hayo hata akaanza kuyasema bandani, na hapo ndipo alipokosea, kwa kuwa wanawake wa bandani hawana huruma na mtu aliyejiinua hata shibiri moja.

"Meneja!" aliita Kanze asubuhi moja wakianika mwani kwenye vichanja. Kanze alikuwa na ulimi wa kukatia kamba. "Meneja, sidiria yangu imekatika. Nifanye nini kwanza?"

"Tambua wadau," Husna akajibu kutoka upande wa pili.

"Wadau ni wawili, mwenzangu, na wote wameanguka!"

Banda zima likaenda chini kwa kicheko. Bi Mwanapili, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda chake mlangoni akiwatazama wanaofika na kuwahesabia wanaochelewa, alicheka mpaka tambuu ikamwingia puani. Twaiba naye akacheka, nusu kwa kweli na nusu kwa kuwa asiyecheka huchekwa mara mbili.

Laiti angeishia kwenye kucheka. Lakini kitabu kilikuwa kimefika sura ya hatari. Kilisema, meneja mwema huandika kila baya linaloweza kuupata mradi, akapima uwezekano wake wa kutokea na ukubwa wa athari yake, akalibandika mahali pa kuonekana. Twaiba akanunua karatasi ya manila, akachora mistari kwa rula ya mwanawe, akaandika kwa Kiswahili safi ili apate mazoezi, akaibandika ukutani.

Watu wa huku mabaya hawayaandiki. Mgonjwa aliye kufani ukimwuliza habari yake atakwambia hajambo kidogo. Anayesafiri hatajiwi ajali, na mwenye mimba hatajiwi kaburi. Twaiba aliyajua hayo tangu kunyonya. Lakini miezi saba ya kitabu ilikuwa imempa masikio mengine, na yale ya zamani akawa ameyatundika mahali.

Kanze ndiye aliyeisoma kwa sauti, kidole kikitembea juu ya karatasi.

"Mvua ya ghafla wakati wa kuanika. Uwezekano, wa wastani. Athari, kubwa. Mwani kugeuka mweupe kwa joto. Uwezekano, wa wastani. Athari, kubwa. Panya kutafuna kamba. Uwezekano, mkubwa. Athari, ya wastani." Akasogeza uso karibu na ukuta. "Lo."

"Lo ndiyo hatari ya nne?" akauliza Bi Mwanapili kutoka kigodani.

"Bi Mkubwa, hii mie siisomi."

"Soma, mwanangu. Macho umepewa bure."

Kanze akamtazama Twaiba, na machoni mwake mlikuwa na furaha ya mtu aliyeokota kitu cha thamani njiani na mwenyewe hayupo. "Kiongozi wa kikundi kuugua au kufariki. Uwezekano, mkubwa. Athari, ndogo."

Twaiba alipoandika, kalamuni mwake hamkuwa na ubaya wowote. Kitabu kilisema uwe mkweli. Bi Mwanapili alikuwa na miaka sabini na tatu na presha, uwezekano mkubwa. Kazi yote, Twaiba alijiambia, naifanya mie, athari ndogo. Ilikuwa hesabu tu.

"Soma tena," alisema Bi Mwanapili. "Polepole. Mie niliishia darasa la tatu."

Kanze akasoma tena, polepole, akionja kila neno.

"Ndogo," alirudia bibi. "Ndogo kama ya nini? Kama ya mvua?"

"Ya mvua imeandikwa kubwa, Bi Mkubwa."

"Na ya panya?"

"Ya wastani."

"Alhamdulillahi. Nimepitwa na panya."

"Mama," Twaiba akaanza, "si mimi, ni kitabu ndicho kisemacho hivyo…"

"Kitabu chanijua?"

"La, mama, lakini…"

"Basi mwenye kunijua ni nani hapa?" Bi Mwanapili akacheka, cheko refu la kifuani, akajipiga paja. Wanawake nao wakacheka. Wale waliomjua tangu ujana wake walinyamaza mapema kuliko wengine. Twaiba akainuka kuibandua karatasi.

"Iache hapo, mwanangu. Umeitolea jasho. Wakija wageni nao wapate kusoma."

Jambo likapita, au lilionekana kupita. Bi Mwanapili hakununa, hakumsema kwa Issa, hakumnyima salamu. Aliendelea kumwita mwanangu, na kila Twaiba alipomwuliza habari za asubuhi alijibu: "Nipo bado, mwanangu. Tusamehe."

Ukafika wakati wa kujaza fomu. Kabla ya kuruhusiwa kufanya mtihani, mtu hutakiwa kueleza miradi aliyoiongoza. Walimu wa intaneti walikazania jambo moja: usiandike "tulifanya", andika "nilifanya". Twaiba, ambaye maisha yake yote hakuwahi kusema "nimepika" bila kuongeza "kwa uwezo wa Mungu, na wenzangu walinisaidia", aliona kama anavuliwa nguo barazani. *Niliamua kuhamisha kamba hadi kwenye maji marefu mwaka wa joto. Nilipanga zamu za wanachama. Nilijadiliana na mnunuzi hadi akapandisha bei.* Ukurasa wa kwanza alitahayari. Ukurasa wa pili akazoea. Kufikia wa tatu alikuwa akitembea uchi kwa raha zake, na nguo hazikumjia akilini tena.

Fomu ikaenda ng'ambo. Baada ya siku nne jibu likarudi. Maombi yake, kama ya wengine wachache kila mara, yalikuwa yamechaguliwa yahakikiwe. Alete sahihi ya mtu wa shirika anayeweza kuthibitisha kuwa kweli yeye ndiye aliyeongoza. Akiikosa, asiombe tena mpaka upite mwaka. Na mwaka ukipita, kazi itakuwa na mwenyewe.

Akapanda kwenda Ukunda kwa Cynthia, mratibu wa shirika, mtu wa bara aliyehamia pwani miezi minane tu nyuma. Cynthia alikuwa msichana mpole mwenye miwani mikubwa, na cheti chake, kile kile, kilikuwa kimetundikwa nyuma ya kiti chake ndani ya fremu. Twaiba alikikodolea macho kama mwenye njaa anayetazama sinia la harusi ya watu.

"Unaangalia hiyo?" Cynthia akacheka. "Twaiba, wacha nikuambie ukweli. Nilisoma miezi sita, nikapita, na baada ya wiki mbili nilikuwa nimesahau nusu yake. Lakini bila hiyo karatasi hawa watu hawangefungua hata barua yangu."

"Kwa hivyo chafaa?"

"Si unajua zile geti za hoteli huko Diani? Askari hakuulizi kama unajua kuogelea. Anataka pasi. Sasa hiyo ndiyo pasi. Kuogelea ni shauri yako."

"Mie kuogelea najua."

"Najua unajua. Lete nisaini, hakuna shida. Wacha tu niangalie faili, ndio wakinipigia simu niwe na kitu cha kuwaambia."

Akatoa faili la Kibuyuni, ripoti ishirini na tatu. Akafungua ya kwanza, ya pili, ya saba. Sura yake ikaanza kubadilika.

"Twaiba, hiki kidole ni cha nani?"

"Cha mama mkwe wangu."

"Kiko kila mahali. Kiongozi wa mradi, Bi Mwanapili Hamisi. Hapa pia. Hapa pia. Wewe jina lako liko wapi?"

Wakatafuta wote wawili, vichwa vimegusana. Walilipata mara moja tu, kwenye ripoti ya kumi na nne, mkutano wa wadau, mstari wa chini: *Chai na mahamri: Twaiba.*

"Mwandiko wote ni wangu," Twaiba alisema, na sauti yake mwenyewe ikamchukiza. "Ilikuwa heshima tu. Kwetu huwezi kumtangulia mkubwa."

Cynthia alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mimi nakuamini. Lakini siwezi kusaini kitu ambacho faili inakataa. Tufanye hivi. Alhamisi nakuja. Nitamwuliza mama mbele ya kikundi. Akisema wewe ndiye ulikuwa unaongoza, nasaini hapo hapo na muhuri juu yake."

Twaiba alirudi Kibuyuni na uraibu wa Bi Mwanapili, tambuu mbichi na popoo nzuri. Alimkuta uani akichagua mchele kwenye ungo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo umeniamkia mara ya tatu. Ama nilikufa nikafufuka bila kuambiwa?"

Twaiba akapiga magoti, akauweka uraibu kando ya ungo, akaeleza yote: fomu, sahihi, Cynthia, Alhamisi. Bi Mwanapili alisikiliza bila kuacha kuchagua mchele. Chuya huku, mchele huku.

"Kwa hivyo wataka niseme kuwa uliyekuwa ukiongoza ni wewe."

"Ndiyo, mama."

"Na mie miaka sita yote nilikuwa nikifanya nini?"

Kitabu cha Twaiba hakikuwa na swali lile. "Ulikuwa… ulikuwa mzazi wetu."

"Mzazi. Ni kazi hiyo? Ina nafasi kwenye fomu?"

"La, mama."

Bi Mwanapili akapeta ungo mara mbili, makapi yakamrukia Twaiba usoni. "Waje. Mie mbele ya wageni sisemi uongo, wanijua. Mwambie Issa achinje kuku wanne, tupike pilau. Mgeni asiondoke na njaa akasema Kibuyuni hakuna watu."

Twaiba alitoka pale moyo umemjaa. Hasemi uongo! Ni kweli, hakuwahi kumsikia akisema uongo mbele ya mgeni. Alifurahi sana, kwa kuwa hakuwa na shaka yoyote kuwa ukweli ni wake yeye.

Alhamisi ilikuwa bamvua. Mkutano ukaanza saa mbili asubuhi, kabla maji hayajashuka, wanawake wamekaa mkekani na kamba zao tayari zimeviringishwa kando. Pilau ilikuwa jikoni inanukia. Cynthia akasalimu kwa shikamoo iliyomkwama kama mfupa, akatoa karatasi, akamgeukia Bi Mwanapili.

"Mama, nimekuja kwa swali moja. Huu mradi, miaka sita hii, nani hasa alikuwa kiongozi? Ni wewe ama ni Twaiba?"

"Waulize na hawa," alisema Bi Mwanapili. "Wana midomo, na leo watakula kwayo."

Cynthia akawatazama. Husna akatazama mkeka. Kanze akazitazama kucha za miguu yake kana kwamba zimeandikwa habari. Hapana mtu atakayesema kabla ya mkubwa, na akishasema mkubwa, hapana atakayempinga. Twaiba aliwatazama mmoja mmoja, wanawake aliowaandikia majina, aliowajazia fomu za bima, na kila jicho alilolifikia lilikuwa limekwisha hama.

"Basi nitasema mie," alisema bibi. "Kuandika aliandika yeye. Hilo sina la kukana, kalamu ni yake na mkono ni wake. Lakini hebu nisomee, mwanangu, hicho alichokiandika kwenye fomu. Hizo kazi. Mie niliishia darasa la tatu."

Cynthia akaipata fomu. "Anasema hapa, kamba zilihamishwa hadi maji marefu, ule mwaka wa joto. Kwamba yeye ndiye aliamua."

"Ah, mwaka ule!" Bi Mwanapili akajiweka sawa. "Nilishuka saa tano na mjukuu wangu, nikatia mguu, maji yakaniunguza kifundo. Nikarudi nikamkuta huyu uani akuna nazi. Nikamwambia, hamisheni kamba, pelekeni kule penye mchanga mweusi, mkizembea mwani wote utageuka mweupe kabla ya Ramadhani. Nilikwambia, sikukwambia?"

Twaiba akaiona ile nazi. Akausikia mgurumo wa kuikuna na, nyuma yake, ile sauti ya kizee iliyokuwa ikisema kutwa kucha, juu ya maji, juu ya kuku, juu ya majirani. Kesho yake wazo la kuhamisha kamba lilimjia kichwani safi, jipya, kama kitu alichokizaa mwenyewe. Hakuwahi kujiuliza baba wa wazo lile ni nani.

"Ulinambia," alisema.

"Zamu," Cynthia akaendelea, sasa polepole zaidi. "Nani alipanga zamu?"

"Zamu zapangwa kwa jinsi wanavyochukiana. Kanze na Husna wasikae kamba moja tangu ile habari ya yule mwanamume wa Lunga Lunga." Kicheko kikapita mkekani, Husna akajifunika uso kwa leso. "Mwenye mtoto mchanga akae karibu na ufuo. Mvivu akae katikati ya wawili wenye hasira. Nilimwambia huyu, yeye akaandika."

"Na mnunuzi? Ile bei?"

"Yule bwana alikuja mchana wa jua kali. Nikasema asipewe maji ya kunywa mpaka bei ipande. Ilipanda mara mbili, na maji nikampa ya dafu, nisiwe mkatili."

"Mama!" Twaiba hakujua kama amesimama mpaka alipowaona wote wako chini yake. "Wewe ulisema tu! Kufanya nilifanya mie! Nani alikesha na hesabu? Nani alikwenda kwa mnunuzi? Nani aliwaita hawa nyumba kwa nyumba? Wewe ulikaa kwenye kigoda ukasema, watu wakafanya!"

Ilikuwa mara ya kwanza mkaza mwana kumpandishia sauti mavyaa yake katika banda lile, na wanawake walikuwa wameduwaa kwa utamu wake. Aliyejibu alikuwa Cynthia, naye alisema kwa upole, na upole wenyewe ndio uliochoma.

"Twaiba. Mtu anasema kifanywe, watu wanafanya, na kinafaulu. Kwa kitabu hiyo inaitwa nini?"

Alilijua jibu. Lilikuwa sura ya pili. Alilipata sawasawa kila alipojipima, hata mara moja hakulikosa.

"Na kabla hujaenda, mwanangu," Bi Mwanapili akamwambia mgeni, "kuna karatasi ukutani. Kanze, msomee. Ule mstari wa nne."

Kanze hakuhitaji kusogea. Alikuwa ameshaukariri. Alipomaliza, Cynthia aliuma mdomo, akaitazama manila, akamtazama Twaiba, akaifunga fomu ndani ya faili bila kuitia hata nukta.

"Alipima yeye," alisema Bi Mwanapili. "Mie sijafa bado, basi athari hatujaiona. Lakini leo amepata kionjo."

Mengine yalikwenda upesi kama kwenye mtelemko. Cynthia alisema atajibu ng'ambo kuwa hakuweza kuthibitisha. Alisema shirika litamleta kijana mwenye cheti, Thoya, ambaye ameongoza ujenzi wa vyoo huko Mkongani na bahari ameiona akiwa ndani ya gari. Akasema Bi Mwanapili atawekwa kuwa mshauri wa kijana huyo, apewe posho kila mwezi. Banda likapiga vigelegele. Twaiba alichukua kamba zake, akashuka baharini peke yake, maji yakiwa yameanza kurudi nyuma.

Alifunga mwani mpaka mgongo ukawa kama ubao. Wenzake walishuka baadaye, wameshiba, wakafunga yao, wakapanda. Hakuna aliyemsogelea ila Kanze, aliyepita na kumwambia, "Usijali, meneja. Mwakani si mbali," kisha akageuka kuhakikisha neno limeingia. Bahari ilipoanza kujaa Twaiba bado alikuwa mle. Alitoka maji yalipomfika kifuani, si kwa kutaka, ila kwa kuwa vigingi havikuonekana tena.

Alipofika uani, sinia zilikuwa zimeshaoshwa. Bi Mwanapili alikuwa ameketi kwenye kigoda, sufuria tupu ya pilau mbele yake, upawa mkononi.

"Umechelewa, mwanangu. Wageni wamemaliza. Nimekuwekea ukoko, najua waupenda."

Ilikuwa kweli aupenda. Alikaa chini, nguo zikimtiririka, akaanza kukwangua.

"Cynthia ataka majina mawili," alisema bibi akimtazama anavyokula. "Watu wa kumfundisha huyo Thoya bahari. La kwanza ni langu. Ukishanawa mikono uniandikie."

Twaiba akameza. "Na la pili, mama?"

Bi Mwanapili aliutafuna ule uraibu aliokuwa amehongwa, akaugeuza shavu la pili, akatema mate mekundu kando ya mguu wa Twaiba, hakumpata.

"La pili acha wazi," alisema. "Nataka kwanza niwatazame wake wa wanangu wengine."